Mpangaji wa Mkono wa Kulia

Mwalimu Guo alipitiwa na usingizi katikati ya safu, na mkono wake ukaendelea kuandika.

Nilikuwa nimekaa upande wake wa kushoto nikisaga wino. Kijiti cha wino unakizungusha juu ya jiwe lenye matone ya maji, taratibu, bila kukandamiza, mpaka maji yawe mazito na meusi. Ukiwa na pupa unapata uji wa masizi. Mimi ni fundi wa viungo vya kuvaa, nimesoma mpaka nikachoka, na kazi ya kusaga wino nilipewa kwa sababu Mwalimu hakupenda kutazamwa na mtu aliyekaa bure. "Ukinikodolea macho tu unanitia kikohozi," aliniambia siku ya kwanza. Basi nikawa nasaga, na sasa sioni aibu kusema kwamba niliipenda kuliko kazi yangu.

Katika hekalu la Kidao tulimokuwa, juu ya mji wa Lushoto, kuna sheria: safu ikishaanzwa, kutoka juu ya karatasi kushuka mpaka chini, hakuna anayesema neno. Kwa hiyo niliposikia mkoromo nilidhani ni paka. Nikainua macho. Kidevu cha Mwalimu kilikuwa kimeangukia kifuani, mdomo wazi, na miwani imeteleza hadi ncha ya pua. Lakini mkono wa kulia ulikuwa hewani, kifundo kimeinuliwa vilevile anavyowafundisha wanafunzi, brashi imesimama wima. Ulishuka, ukaandika, ukainuka. Ukaja kwenye jiwe langu, ukachovya, ukafuta ncha ya brashi ukingoni ili wino usidondoke, kisha ukarudi.

Ukamaliza safu ukaanza nyingine. Na uandishi ule ulikuwa mzuri, Mungu wangu. Nilishangaa kwanza, hofu ikaja baadaye.

Kumwita kungevunja sheria ya safu, kwa hiyo nilijaribu kumtoa brashi vidoleni, polepole, nisimshtue. Haikutoka. Nilipaswa kujua kuwa haitatoka, maana wanafunzi wote wa Mwalimu Guo wanaijua adhabu yake: akikuona umezama kazini, anakunyemelea kwa nyuma na kuichomoa brashi yako ghafla. Ikitoka, unaanza karatasi upya. Mtu aliyefundishwa hivyo tangu utotoni na babu yake, Mchina aliyekuja huku kujenga reli, haachii brashi hata akilala. Hilo sikuliweka kwenye hesabu zangu, na hapo ndipo kosa lilipopita.

Kile alichovaa mkononi nilikiunda mimi. Ni ngozi nyembamba, rangi ya chai ya maziwa, inaanzia begani inaishia kwenye ncha za vidole. Siku hizi watu wengi mjini wanazo. Kuna washonaji wanaozivaa wakizeeka, na wapiga gambusi. Ngozi inasikiliza mishipa. Mshipa ukituma amri hafifu, yenyewe inaijazia. Ili ijue cha kujazia, lazima iujue mkono wa mwenyewe, kwa hiyo niliilisha karatasi zote za Mwalimu zilizokuwa hekaluni, na picha za mkono wake akifundisha, mpaka ikawa inabashiri mstari wake kabla hajaupiga. Mwalimu aliipa jina la Mpangaji. "Anakaa kwangu na kodi halipi," alikuwa akisema, na kila mgeni aliyekuja alilazimika kucheka.

Kiharusi kilimpiga baada ya mvua za vuli, upande wa kulia. Wakati huo alikuwa ameshafika katikati ya nadhiri yake. Mkewe, Bi Nakiete, Mpare wa Usangi, fundi wa mabomba ya maji ambaye wilaya nzima ilimwogopa kwa ukali, alikuwa amefariki kabla ya hapo, na mbele ya kaburi Mwalimu aliapa kumwandikia Andiko la Bonde Lisilojaa, kitabu kitakatifu cha hekalu, lote, kwa mkono wake mwenyewe, na kulichoma pale kaburini Siku ya Makaburi, siku ya kila mwaka ya kufagia makaburi na kukumbuka wafu. Wadao wa hekalu lile, wafuasi wa Njia, wanasema andiko likichomwa hivyo linamfikia aliyeandikiwa kama lilivyo, na mwandiko ule ule. Kwa hiyo Mpangaji aliletwa amsaidie kuinua mkono, basi.

Ila juma lililotangulia Mwalimu alilalamika kwamba anachoka. Siku ya Makaburi ilikuwa inakaribia na kurasa zilikuwa bado. Nikalegeza kidogo, Mpangaji akaruhusiwa kujazia zaidi. Nilijua kuwa mwenyewe asipotuma amri yoyote, ngozi itasimama. Sikujua kwamba kule kushika brashi tu, usingizini, ni amri inayotosha.

Ningeweza kuzima. Swichi iko nyuma ya bega. Lakini brashi ilikuwa imejaa wino katikati ya herufi, na kuzima maana yake ni kumwaga doa juu ya ukurasa aliouanza akiwa macho. Nilisita. Nikaendelea kusita. Mpaka nilipoamua, karatasi ilikuwa imejaa na mkono umejilaza kwenye kitambaa chake kama kawaida.

Mwalimu akafumbua macho. Akasukuma miwani juu. Akautazama ukurasa kwa muda mrefu, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona tangu augue.

"Stara, mwanangu," akasema. "Umeona?"

"Nimeona, Mwalimu."

"Nilijisahau. Sikuuhisi mkono, sikuihisi karatasi. Babu yangu alikuwa akiniambia iko siku mwandishi anaondoka yanabaki maandishi tu, na mimi nikadhani ananidanganya ili nikae nisichezee nje." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Nimeitafuta hali hii maisha yangu yote. Imenijia leo, na mkono mbovu hivi."

Nilipaswa kusema hapo hapo. Nikasema, "Limependeza sana, Mwalimu," nikaenda kuosha jiwe la wino.

*

Mkuu wa hekalu, Peng, nilimkuta uani kwenye tanuru la maandishi. Ni kimnara cha matofali chenye mdomo mmoja, kirefu kunishinda kidogo. Pale hekaluni karatasi yenye herufi haitupwi jalalani wala haifungiwi maandazi, hata kama ni zoezi la mwanafunzi lililoharibika. Inaletwa hapo na kuchomwa kwa heshima. Peng alikuwa akitia mazoezi ya darasa la asubuhi, moja moja, huku akiyasoma na kutikisa kichwa. Yeye ni mzaliwa wa Korogwe, ni mdogo wangu kwa umri, na maneno hayajawahi kumpungukia.

Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Sasa shida iko wapi, dada Stara?"

"Shida ni kwamba hakuandika yeye."

"Nani anasema? Mahakama ilishaamua zamani. Kilichoandikwa na ngozi ni chako, maadamu uliivaa kwa hiari yako."

"Mahakama haikumwoa Nakiete."

Akacheka, akatia karatasi nyingine motoni. "Haya, tuiache mahakama. Nikwambie jambo la kwetu. Sisi tunafundisha watu kutenda bila kung'ang'ania. Mtu anakaa miaka anaandika, lengo ni siku moja ule umimi unaoshika brashi utoke njiani. Guo amelala, umimi umetoka, mkono umeandika. Wewe unaniletea jambo hilo kama mashtaka. Mimi naona ni sherehe."

"Mkuu, ile si Njia. Ile ni hesabu. Nilizipiga mimi mwenyewe, nakumbuka, nikiwa nakula chapati."

"Na wewe unadhani Njia inaogopa chapati?"

Hapo alinikamata, na alijua amenikamata. Lakini aliona nimenuna, akaacha mzaha. Akafunga mdomo wa tanuru kwa kipande cha bati.

"Dada, tuseme ukweli. Ukurasa mmoja unamchukua siku tatu, nne. Ukimwambia, atauchoma, namjua. Atauanza upya, na itabidi umkaze Mpangaji, kwa hiyo atakwenda polepole zaidi. Hatamaliza kabla ya Siku ya Makaburi. Na daktari alivyosema kuhusu moyo wake ulimsikia, mwakani hatuna uhakika nayo. Halafu andiko lenyewe linakwenda motoni. Hakuna jicho litakaloliona. Unataka kumnyang'anya mzee furaha yake kwa ajili ya karatasi ambayo tutaifanya majivu?"

"Mkewe ataisoma."

"Wewe unaamini hayo?"

"Mimi siamini," nikasema. "Yeye ndiye anaamini. Anaamini inamfikia na mwandiko wake. Sasa nimwache ampelekee mkewe mwandiko wangu mimi?"

Peng alipangusa majivu kwenye mikono ya joho lake, na alipokuja kusema sauti yake ilikuwa ya chini. "Mimi sitamwambia, kwa sababu nampenda. Wewe fanya unavyoona. Sitakulaumu kwa lolote."

Niliondoka pale na hasira. Nilikuwa nimeenda nikitaka kuamriwa, nikarudishiwa mzigo wangu vilevile.

*

Asubuhi nilimkuta Mwalimu jikoni anakunywa uji wa ulezi kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amenyoa ndevu. Ule ukurasa ameutundika kwenye kamba karibu na dirisha, na mpishi akaninong'oneza kwamba wanafunzi wameshaitwa kuuona, kundi baada ya kundi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, unywe uji. Leo mkono mwepesi, nausikia. Leo tunafanya kurasa mbili."

Nikakaa. Nikashika bakuli.

"Mwalimu, jana ulilala."

"Nilisinzia kidogo mwishoni."

"Hapana, Mwalimu. Ulilala katikati ya safu ya pili. Ulikuwa unakoroma. Zilizobaki zote aliandika Mpangaji. Nilijaribu kukutoa brashi ikashindikana, halafu nikashindwa kuzima. Ukaamka, ukafurahi, nikashindwa kusema."

Aliweka kijiko chini. Mpishi akajifanya ana kazi nje.

"Yote?"

"Yote, isipokuwa safu ya kwanza na nusu ya ile ya pili."

Uso wake uliingia giza, na akasema kitu kwa Kisambaa ambacho sitakiandika hapa. Anapokasirika hupenda Kisambaa. Kisha akauliza kwa Kiswahili, "Kwa nini hukuniambia jana?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Nitakufa?"

"Niliogopa utaacha kufurahi."

Akasimama bila kuitaka fimbo yake. Mguu wa kulia ulikuwa unaburura, na nilimfuata nikiwa tayari kumdaka. Alisimama mbele ya ule ukurasa, pua karibu iguse karatasi. Nikamwona akitafuta kitu, safu kwa safu, kidole kikishuka bila kugusa.

"Lete wa juzi," akasema.

Nikaleta. Tukazishika kurasa zote mbili dirishani. Wa juzi ulikuwa na vidoa vidogo pembeni mwa herufi, kimoja hapa, viwili pale. Ndivyo wanakili wa hekalu wanavyofanya: ukikosea hukwangui wala hufuti, unaweka kidoa kando ya kosa na kuendelea na lililo sahihi, ili msomaji ajue. Kila ukurasa wa Mwalimu ulikuwa na vidoa, hata wa zamani kabla hajaugua. Wa jana haukuwa nacho hata kimoja.

"Ameandika vizuri kuliko mimi," akasema.

"Mwalimu..."

"Niache niseme, ni kweli. Mstari umenyooka. Pumzi imegawanyika sawasawa mpaka mwisho. Huyu hana wasiwasi wowote." Akaurudisha kwenye kamba, akaugusa kidogo ukingoni. "Hana mtu anayemwandikia."

Nje wanafunzi wa kundi la pili walikuwa wanakuja, tukasikia viatu vyao kwenye kokoto, na Mwalimu akampungia mpishi mkono awarudishe.

"Nikuulize, fundi. Ile raha niliyoamka nayo. Ile ilikuwa ya nani? Yangu au ya Mpangaji?"

Nilifikiri nimjibu kitaalamu. Nilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu.

"Ilikuwa ya usingizi, Mwalimu."

Alinitazama. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikamshika mgongo, na mpishi akachungulia mlangoni.

"Maisha yangu yote!" akasema, akijifuta machozi. "Maisha yangu yote natafuta kumbe nimekosa usingizi wa mchana tu!"

Nikacheka na mimi. Niliona wepesi kifuani ambao sikuwa nao tangu jana yake, na nadhani hata yeye aliona kitu kama hicho, maana alirudi akamaliza uji wake wote na kuomba mwingine.

Ukurasa aliupeleka tanurini mwenyewe. Kabla ya kuutia aliukunjia mikono na kuinama, kama anavyoinamia maandishi ya mtu yeyote. Peng alikuwepo. Alinitupia jicho, mimi nikatazama matofali.

"Sasa mrekebishe Mpangaji wako," Mwalimu akaniambia. "Nikilala, naye alale. Nikichoka, naye achoke. Sitaki mpangaji mwenye nguvu kuliko mwenye nyumba."

"Utakwenda polepole sana, Mwalimu. Hutamaliza."

"Nimekusikia."

Nikamrekebisha. Nilifuta ubashiri wote, ile sehemu niliyojivunia kuliko zote, nikaacha ile inayobeba uzito wa mkono tu. Herufi zikaanza kutetemeka. Vidoa vikaongezeka pembeni mpaka ukurasa mmoja ukaonekana umenyunyiziwa pilipili. Wakati mwingine aliandika safu moja tu tangu asubuhi hadi chakula cha mchana, akajilaza, akaamka, akaniuliza wino uko wapi. Hakulalamika. Alikuwa akiimba puani huku akiandika, jambo ambalo hakuruhusu mwanafunzi yeyote kulifanya, na mimi nilisaga wino na kuomba siku zirefuke.

*

Siku ya Makaburi huangukia katikati ya masika, na mwaka ule mvua haikuona haya. Tulishuka mtelemko wa makaburi na miamvuli, Peng mbele akiwa amebeba bakuli kubwa la shaba lenye moto, mpishi nyuma yake akiliwekea kipande cha bati juu moto usizimike. Mwalimu nilimshika mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, wenye Mpangaji, ulikuwa umekumbatia kurasa ndani ya mfuko wa nailoni.

Kaburi la Bi Nakiete lilikuwa limefagiliwa. Peng akaweka bakuli chini, akasoma aliyopaswa kusoma, kisha akapokea kurasa ili azipange. Alipofika wa mwisho akasita.

Ukurasa ule ulikuwa na safu tatu zenye herufi. Zilizobaki zilikuwa nyeupe. Na baada ya hapo ilikuwa imebaki sehemu nzima ya Andiko ambayo haikuguswa kabisa.

"Mwalimu," Peng akasema kwa upole, "halijaisha."

"Najua, nilikuwepo."

"Uliapa kuliandika lote. Tunaweza kuzihifadhi. Mwakani tukazichoma zote kwa pamoja."

Mimi nilitazama matope. Nilijua kurasa hizo zilikwama wapi na zilikwama kwa sababu ya nani. Kama ningefunga mdomo jikoni siku ile, Peng angekuwa ameshika andiko zima, limenyooka, halina hata kidoa. Nilijuta, nasema kweli. Kwa muda mfupi pale kwenye mvua nilijuta sana.

Mwalimu Guo akauachia mkono wangu, akasogea hadi kwenye jiwe la kaburi, akaliwekea kiganja.

"Peng, wewe hukuishi na huyu mama," akasema. "Banda la kuku nililomjengea halikupata mlango mpaka kuku wakazeeka. Ukuta wa jikoni niliupaka rangi nusu, nusu nyingine akapaka yeye, rangi tofauti, makusudi, ili kila mgeni aulize. Nakiete akipokea kitu kutoka kwangu kimekamilika, kizuri, hakina kosa, hatafurahi hata kidogo. Atauliza nani amekileta."

Mpishi ndiye aliyeanza kucheka, kisha Peng, na bati likayumba mpaka matone yakaingia kwenye moto ukalia chwaa.

Mwalimu akazitia kurasa mwenyewe, moja moja, kwa mkono wa kulia. Ulitetemeka, na Mpangaji akaubeba tu, hakuongeza kitu. Karatasi zilijikunja, vidoa vikaonekana vyekundu kwa sekunde moja kabla ya kuwa majivu. Ule wa mwisho aliushika kidogo zaidi, akaukunjua kwenye mwanga wa moto, akautazama ule upande mweupe.

"Hapa nitamalizia nikifika," akamwambia mkewe.

Akauweka motoni. Kisha akanitafuta mkono, tukaanza kupanda turudi, kwa sababu alikuwa na njaa.